Kompyuta Inachelewa Kutafuta Faili? Usikubali Ifutwe Kabla Hujafanya Haya

 

Leo naweka pembeni kidogo chakula cha kuku na mbolea za mboga. Nataka tuzungumze kuhusu kompyuta ya nyumbani ambayo ukiiandikia neno itafute faili, mstari wa kijani unatambaa juu ya kioo, chai inapoa, na jibu halijaja.

Najua wapo watakaouliza: afisa ugani na kompyuta, wapi na wapi? Zamani nikimtembelea mfugaji wa Chamazi, Toangoma au Mbagala Kuu, kumbukumbu zake zilikuwa kwenye daftari lililochomekwa juu ya mlango wa banda. Siku hizi nyumba nyingi nakuta kompyuta ya mezani ya mtumba, imefunikwa kitambaa sebuleni, na ndani yake kuna tarehe za chanjo, mauzo ya mayai, madeni ya wateja na mikataba ya viwanja. Upande wa Kinondoni, kule Bunju, Boko na Mabwepande, hali ni hiyohiyo. Na sisi maafisa ndio tuliowahimiza wafugaji waweke kumbukumbu. Basi ni wajibu wetu pia kusema hili: kumbukumbu usiyoweza kuipata kwa wakati haina tofauti na kumbukumbu ambayo hukuiandika.

MTEJA YUKO GETINI

Kuna mama mmoja wa Chamazi, wilaya ya Temeke, anayelea mitetea. Ananunua vifaranga wa siku moja wa kuku wa mayai, anawalea mpaka wiki ya 16, kisha anawauza kwa watu wanaotaka kuku waliokaribia kutaga. Ni biashara nzuri, lakini ina sharti moja. Mnunuzi wa mitetea hanunui manyoya, ananunua historia. Anataka kujua kama kuku walipata chanjo ya Marek siku ya kwanza, kama Newcastle na Gumboro zilirudiwa, kama ndui ilichanjwa. Ukimwonyesha tarehe, analipa. Ukimwambia "niamini tu", anashusha bei.

Siku niliyopita kwake nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mkono shavuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Daktari, hii kompyuta itaniua mimi."

Akanieleza. Wiki moja kabla, mteja alikuja na kirikuu kuchukua mitetea 200. Akaomba kuona rekodi ya chanjo. Mama akaandika neno "gumboro" kwenye kisanduku cha kutafutia, na kompyuta ikaanza safari yake. Mteja akasubiri, akanywa maji, akatazama saa. Alikuwa na safari ya kurudi Mkuranga kabla giza halijaingia. Mwisho akasema atachukua kuku, lakini kwa kuwa hajaona maandishi anapunguza shilingi 1,000 kwa kila kuku. Piga hesabu mwenyewe: 200 mara 1,000 ni shilingi 200,000, zimeondoka kwa sababu faili moja halikuonekana.

Hilo lilikuwa limeshapita. Kilichonishtua ni kilichokuwa kinakuja. Kijana wake aliipeleka habari hiyo kwa fundi mmoja, na fundi bila hata kuiona mashine akasema, "Hiyo imechoka, ni kupiga Windows upya tu." Walikuwa wamepanga kuipeleka kesho yake asubuhi. Ndani ya mashine ile kulikuwa na kumbukumbu za miaka minne za mabanda mawili. Pia kulikuwa na katiba, mihtasari ya vikao na orodha ya wanachama wa kikundi chao cha wanawake, maana yeye ndiye katibu, na kikundi kilikuwa kinaandaa maombi ya mkopo wa halmashauri. Mnaujua mkopo huo, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hakukuwa na nakala popote. Si kwenye flashi, si kwenye simu.

Nikamwambia, "Mama, kuku akizubaa hatumchinji siku hiyohiyo. Kwanza tunaangalia dalili."

Akacheka, akanisogezea kiti.

KWA NINI KUTAFUTA KUNACHELEWA

Kabla ya kugusa kitu, ni vizuri uelewe kompyuta inafanya nini unapoiambia itafute.

Chukua mfano wa mtu anayetafuta chumba cha kupanga Mbagala. Asipokuwa na dalali, atabisha hodi nyumba hadi nyumba, atauliza kila mwenye nyumba, na jua litamzamia njiani. Akimpata dalali, anataja anachotaka, na dalali anamwambia palepale: kipo pale, na kingine kule. Dalali hana nyumba hata moja. Alichonacho ni orodha kichwani, kwa sababu alishazunguka mtaa mapema.

Windows nayo ina dalali wake. Ni programu inayofanya kazi kimyakimya, inapita kwenye faili zako kompyuta ikiwa imetulia, na inaandika orodha: neno hili lipo kwenye faili hili, jina hili lipo kwenye folda ile. Orodha hiyo kitaalamu huitwa faharasa, sawa na ile iliyo mwishoni mwa kitabu. Faharasa ikiwepo na ikiwa kamili, jibu huja kwa sekunde chache. Isipokuwepo, kompyuta inabisha hodi faili moja baada ya jingine.

Kwenye kompyuta za mtumba kubisha hodi huko ni adhabu kubwa, kwa sababu nyingi zina diski ya kuzunguka. Diski za namna hii huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa kinachosoma huchukua takribani milisekunde 10 kuhama sehemu moja hadi nyingine. Maana yake kwa sekunde moja kinafika sehemu kama 100 tu. Ukiwa na maelfu ya picha na barua, utaelewa kwa nini mteja wa Mkuranga alichoka. Diski za SSD hazina kitu kinachozunguka, kwa hiyo hupita haraka zaidi, lakini hata hizo zinafanya kazi vizuri zaidi zikiwa na faharasa.

Kwa hiyo mara nyingi tatizo si uzee wa mashine. Tatizo ni kwamba dalali kalala, au hajawahi kufika mtaa ulioweka mali zako. Kwa yule mama yalikuwepo yote mawili.

HATUA YA KWANZA: NAKALA KABLA YA TIBA

Hili halina mjadala. Chukua flashi au diski ya nje, nakili folda zote za kazi yako. Ukisikia diski inagonga "tik, tik, tik", au kompyuta inaganda kila ukifungua faili, nakala ndiyo kazi ya kwanza na ya pekee. Diski inayokufa usiifanyishe kazi nyingine. Nakili, kisha ndipo utafute fundi wa kuibadilisha.

Kwa mama yule tulitumia flashi ya kijana wake wa kidato cha nne. Kumbukumbu za miaka minne na karatasi za kikundi zilinakiliwa kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nilipoona zimeingia zote, na tumefungua tatu nne kuhakikisha zinafunguka, moyo wangu ukatulia. Kuanzia hapo hata fundi angekuja na nyundo, biashara ingebaki.

HATUA YA PILI: ANGALIA DALILI

Anza na jambo jepesi. Iwashe kompyuta upya kwa kuchagua "Restart", siyo "Shut down". Kwenye Windows 10 na 11, ukichagua "Shut down" mashine mara nyingi huhifadhi sehemu ya hali yake ya zamani ili iwake haraka kesho. "Restart" ndiyo inayoanza upya kabisa.

Ikishawaka, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc. Litafunguka dirisha linaloonyesha programu zinazofanya kazi. Likitokea dogo, bonyeza "More details". Tazama safu iliyoandikwa "Disk". Ikiwa inasoma asilimia 100 muda wote hata kama hujafungua kitu, kuna programu inakula nguvu ya diski. Inaweza kuwa ukaguzi wa virusi, inaweza kuwa programu inayojipakua, inaweza kuwa kirusi kilichokuja na flashi ya steshenari. Isubiri imalize, au ikague mashine kwa programu ya kuzuia virusi, kabla hujailaumu sehemu ya kutafutia.

Kisha fungua "This PC" uangalie diski zako. Mstari wa diski ukiwa mwekundu, maana yake nafasi iliyobaki ni chini ya asilimia 10. Faharasa nayo inahitaji mahali pa kukaa. Ondoa filamu za zamani, video za harusi za watu, na vitu vilivyojaa kwenye folda ya "Downloads".

HATUA YA TATU: MWULIZE DALALI YUKO WAPI

Sasa tunakwenda kwenye chanzo chenyewe. Kwenye kisanduku cha kutafutia kilichopo chini ya kioo, andika "Indexing Options", ufungue. Njia hii inafanya kazi kwenye Windows 7, 10 na hata 11. Soma kwa makini vitu viwili.

Cha kwanza ni sentensi iliyoko juu. Ikisema "Indexing complete", dalali amemaliza kuzunguka. Ikisema kasi imepunguzwa kwa sababu mtumiaji anafanya kazi, bado anazunguka, mwachie nafasi. Ikisema "Indexing is not running", dalali amefukuzwa kazi.

Hilo la kufukuzwa lipo sana. Baadhi ya mafundi huizima huduma hiyo wakisema wanaifanya mashine iwe nyepesi. Ni kweli inapungua kazi kidogo, lakini siku ukitafuta faili ndipo unapolipia. Kuiwasha tena, andika "services" kwenye kisanduku cha kutafutia, fungua, shuka mpaka uone "Windows Search", ibofye mara mbili, chagua "Automatic", bonyeza "Apply" halafu "Start".

Cha pili cha kusoma ni orodha ya sehemu zinazopitiwa. Hapa ndipo wengi tunapokwama bila kujua. Kwa kawaida Windows hupitia folda zako zilizo kwenye diski C, kama "Documents" na "Pictures". Lakini mafundi wetu wengi wakiuza kompyuta huigawa diski vipande viwili, C na D, na wanamwambia mteja aweke mali zake D ili siku ya kupiga Windows upya zisipotee. Ushauri wenyewe si mbaya. Ila dalali wa Mbagala hajui vyumba vya Kigamboni. Ukiweka kila kitu D bila kumwambia, kila ukitafuta lazima kompyuta ibishe hodi.

Kwa yule mama, folda iliyoitwa KUKU ilikuwa D. Haikuwahi kuingia kwenye faharasa hata siku moja.

Dawa yake ni hii: kwenye dirisha lilelile bonyeza "Modify", fungua diski D, weka alama ya tiki kwenye folda ya kazi yako, kisha "OK". Usiweke tiki diski nzima kama ina filamu na nyimbo. Mtume dalali kwenye mtaa wenye biashara tu. Kwenye mipangilio ya Windows 10 za karibuni na Windows 11 utaona pia chaguo liitwalo "Enhanced", linaloifanya kompyuta ipitie kila mahali. Kwa mashine ya mtumba yenye diski ya kuzunguka siwashauri, itachoka bure.

Flashi na diski za nje nazo kwa kawaida hazimo kwenye orodha hiyo. Ukitafuta humo, vumilia.

HATUA YA NNE: KUANZISHA ORODHA UPYA

Kama sehemu zako zimo kwenye orodha, huduma inafanya kazi, na bado kutafuta kunasuasua au faili unalolijua lipo halionekani, basi faharasa yenyewe imeharibika. Umeme ukikatika ghafla mara kwa mara, hilo hutokea. Kwenye "Indexing Options" bonyeza "Advanced", kisha "Rebuild".

Watu huliogopa neno hilo. Yule mama alinishika mkono. "Baba, hazitafutika?"

Nikamrudisha kwa dalali. Kuanzisha orodha upya ni kumwambia dalali asahau yote aliyoyajua, azunguke mtaa tangu mwanzo. Nyumba hazibomoki. Faili zako zinabaki palepale zilipo, kinachofutwa na kuandikwa upya ni orodha tu. Hii ni tofauti kabisa na kupiga Windows upya, ambako diski C husafishwa, na fundi asiye makini anaweza kusafisha na D.

Ila kuna masharti. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa, na kompyuta inafanya vizuri zaidi ukiiacha peke yake. Ianze jioni, iache usiku. Hakikisha LUKU ina uniti za kutosha. Kama ni laptopu, iache kwenye chaji, maana ikitumia betri inapunguza kazi hiyo. Na iwekee mipangilio isijizime yenyewe ikikaa bila kuguswa.

Hapa tukagundua dalili ya mwisho ya ugonjwa wa nyumba ile. Kwa kubana matumizi ya umeme, kompyuta ilikuwa inawashwa dakika kumi, wanaandika hesabu ya mayai, wanazima. Siwalaumu, umeme ni pesa. Lakini dalali anazunguka wakati mwenye nyumba ametulia, na mashine inayozimwa kila baada ya dakika kumi haipati muda huo. Usiku mmoja kwa mwezi wa kuiacha ikiwaka unatosha kwa matumizi ya nyumbani.

Tuliianza saa 12 jioni. Kesho yake asubuhi alinipigia. "Daktari, nimeandika gumboro. Imekuja kabla sijatoa mkono."

HATUA YA TANO: JINA LA FAILI NDIYO NUSU YA KAZI

Ndugu msomaji, hapa ungedhani tumemaliza. Bado. Siku ileile jioni alinipigia tena: sehemu ya chanjo za mwaka juzi bado haionekani. Nikajua kilichopo.

Nusu ya kumbukumbu zake zilikuwa picha. Mchanjaji anaandika kwenye karatasi, kijana anaipiga picha, anaituma kwa WhatsApp, inahifadhiwa kwenye kompyuta ikiwa na jina kama IMG-20240312-WA0007. Kompyuta ya kawaida inapotafuta haisomi mwandiko uliopo ndani ya picha. Inaona jina tu, na kwenye jina hilo hakuna Gumboro wala kuku. Vivyo hivyo kwa karatasi iliyoskaniwa kuwa PDF: kwa macho yako ni maandishi, kwa kompyuta ni picha. Faili la Word au Excel ndilo linalosomwa ndani.

Hapo hakuna marekebisho ya Windows yatakayokusaidia. Ni lazima wewe mwenyewe uipe picha jina. Walioajiriwa serikalini wanaijua masijala: jalada halisogei bila namba na kichwa cha habari. Fanya nyumba yako iwe na masijala ndogo. Mimi napendekeza mpangilio huu:

Mwaka, mwezi, tarehe, kisha kazi, kisha mahali. Mfano: 2025-03-14 chanjo gumboro banda 2. Mwaka ukianza, faili zitajipanga zenyewe kwa mfuatano wa wakati. Acha nafasi kati ya maneno, usiyagandishe, maana maneno yaliyogandishwa kompyuta inaweza kuyahesabu kuwa neno moja.

Chagua jina moja la kitu na ulishike. Ugonjwa mmoja sisi tunauita Newcastle, jirani anauita kideri, bibi anauita mdondo. Sisi tunaelewana, kompyuta haijui kwamba ni kitu kimoja. Mkiwa watatu mnaoandika, kubalianeni.

Andika kwa umoja siku zote. Hili linatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili, na ni mara chache utaelezwa na fundi. Faharasa hulinganisha maneno kuanzia mwanzo wake. Kwa Kiingereza hilo si tatizo kubwa, kwa sababu wingi wao mara nyingi huongezwa mwishoni. Kwetu wingi huja mbele: deni na madeni, banda na mabanda, kifaranga na vifaranga, mteja na wateja. Ukiandika "deni", faili uliloliita "madeni ya Juni" linaweza lisitokee kabisa, nawe ukadhani limepotea. Ukikwama, tumia alama ya nyota: andika *faranga* na kompyuta italeta majina yote yenye kipande hicho katikati, kifaranga na vifaranga.

Kwa wale wenye faili nyingi mno, ipo programu ya bure iitwayo Everything, iliyotengenezwa na voidtools. Hiyo husoma moja kwa moja daftari la majina ya faili lililomo ndani ya diski yenyewe, kwa hiyo ni ya haraka hata kwenye mashine dhaifu, na ukiandika "deni" inaleta na "madeni". Ila kwa kawaida inatafuta majina tu, si yaliyomo ndani. Ipakue kwa wenyewe, usichukue ya kwenye flashi ya mtu.

Yule mama na kijana wake walikaa Jumapili mbili kubadilisha majina ya picha. Ni kazi ya kuchosha, kama kuchambua mchele. Lakini ni ya mara moja. Kuanzia hapo kila picha mpya inapewa jina siku hiyohiyo inapoingia.

LINI UMWITE FUNDI

Sisemi fundi hana kazi. Mwite kama diski inagonga, kama mashine haiwaki, kama umefanya yote haya na hakuna mabadiliko. Ukimwita, mwulize maswali matatu kabla hajaigusa: Umeona dalili gani? Utafuta kitu gani? Nakala yangu iko wapi? Fundi mzuri atakujibu bila kukasirika. Na kama mashine yako ina uwezo wa kutosha, mwulize bei ya kubadilisha diski ya kuzunguka kuwa SSD, akuhamishie kila kitu kama kilivyo. Mara nyingi ni nafuu kuliko kununua kompyuta nyingine, na tofauti utaiona siku hiyohiyo.

Ni kanuni ileile tunayofundishana bandani. Mfugaji akiona kuku wawili wamezubaa, anakimbilia duka la dawa za mifugo, anapewa antibayotiki, anawanywesha kuku wote. Kama ugonjwa ni Newcastle, ile ni kirusi, antibayotiki haiui kirusi; pesa zimeondoka na kuku wanaendelea kufa. Kupiga Windows upya kwa kila tatizo ni antibayotiki ya namna hiyo. Wakati mwingine inasaidia, lakini ukiitumia bila kupima, inaondoka na vitu usivyoweza kuvinunua tena.

Kwa kifupi, kumbuka mpangilio: nakala kwanza, kisha "Restart", kisha nafasi ya diski, kisha "Indexing Options" uone kama dalali anafanya kazi na kama anaijua folda yako, kisha "Rebuild" usiku, na mwisho majina ya faili. Hakuna hata hatua moja hapo inayokudai kununua kitu, zaidi ya uniti za umeme.

Kikundi cha yule mama kiliwasilisha maombi yake kwa wakati, karatasi zote zikiwa kamili. Mitetea wa awamu iliyofuata waliuzwa kwa bei aliyoitaka yeye, tarehe za chanjo zikiwa zimechapwa kwenye karatasi moja na kubandikwa mlangoni mwa banda, mteja asome mwenyewe.

Wiki ijayo tutarudi bandani: namna ya kutunza chanjo zisiharibike pale umeme unapokatika. Mwenye swali aniulize, na mwenye njia bora zaidi atufundishe. Kazi njema.